Lowell Brekke na Maboksi ya Kifuniko Chekundu

Wewe Clint Ostby, na wenzako wawili mnaojijua, aibu kwenu. Mmekuja dukani mkala mkate wa mdalasini uliookwa kwa ajili ya kumuaga mtu, mkampigapiga mabegani, mkamwambia "mzee tutakukumbuka sana," na huku nyumbani mmeficha maboksi yake ya risasi yenye kifuniko chekundu nyuma ya chakula cha mbwa. Mtu atastaafuje wakati kosa lake bado limelala ndani ya nyumba zenu? Hilo tutalirudia. Kwanza sisi wenzake wa dukani tumuage kwa adabu, kama watu tuliolelewa.

Lowell Brekke amefanya kazi katika chumba cha nyuma cha duka la bunduki la Arvid Tveit, hapa Ansgar, kwa miaka thelathini na mmoja. Anastaafu Ijumaa tarehe 17 Oktoba, wiki moja kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa. Tarehe hiyo aliitaja mwenyewe Krismasi iliyopita, mbele ya mkewe Fern na mbele ya wafanyakazi wote, mdomo wake ukiwa umejaa viazi. Kwa hiyo wale wanaokaa mkahawani asubuhi wakisema amefukuzwa kwa sababu ya mambo ya Septemba, wamalize kahawa yao waende wakafanye kazi. Arvid hajawahi kumfukuza mtu. Hata paka aliyekojolea katoni ya soksi za kuwindia bado analishwa hapa.

Lowell alikuwa dereva wa lori la ngano. Siku moja aliingia kununua baruti, akamkuta marehemu baba yake Arvid anapima huku anaongea na simu. Akamwambia, "Mzee, ama pima, ama piga soga." Yule mzee akamjibu kwamba kama anajua sana, avue kofia akae yeye. Lowell akakaa. Kofia hakuvua. Tangu siku hiyo hadi Septemba hii hakuwahi kuivua: mezani, kanisani, hata siku Fern alipompeleka kupigwa picha ya kumbukumbu ya ndoa. Mchungaji alikata tamaa zamani.

Kwa wale waliohamia bondeni juzi na kudhani chumba cha nyuma ni stoo, kazi yake ni hii. Unamletea bunduki yako na maganda uliyokwisha kuyafyatua. Anayasafisha, anayarudisha umbo lake, anatia fataki mpya, kile kiwashio cha baruti kitakoni mwa ganda, anapima baruti, kisha anabana kichwa cha risasi juu yake. Ukisikia hivyo utadhani ni kama kujaza soseji. Wengi wenu ndivyo mnavyodhani, ndiyo maana soseji zenu pia hazina ladha.

Ukitia baruti zaidi, risasi inakimbia zaidi. Hilo kila mwanamume wa bonde hili analijua, na wengi elimu yao imeishia hapo hapo. Jambo la pili ndilo hawalipendi. Kila bunduki ina kiasi chake inachokipenda. Kikipungua, matundu yanatawanyika kwenye karatasi ya shabaha. Kikizidi, yanatawanyika tena, na ukishupaa kuongeza, bunduki yenyewe inaanza kukuonyesha hasira. Lowell alipandisha kiasi taratibu, akafyatua tatu, akaenda kutazama karatasi, akapandisha tena kidogo. Matundu matatu yakikaa karibu kama mayai kwenye kiota, alisimama. Nguvu ya kuongeza ilikuwepo, nafasi ndani ya ganda ilikuwepo, lakini alisimama. Mshahara wake wote wa miaka hii alilipwa kwa ajili ya kusimama.

Na kila mwaka, majani yakianza kuwa ya njano, mlikuja mmoja mmoja kumsumbua. Clint alikuwa wa kwanza daima.

"Lowell, niongezee kidogo."

"Kidogo cha nini?"

"Cha mwendo, bwana. Shemeji yangu kule Billings risasi zake ni radi."

"Unataka kumpiga kulungu au kumfukuza?"

"Nataka afe kabla hajasikia."

"Mwaka jana alisikia, akageuka kukutazama, akaendelea kula. Shida haikuwa mwendo, Clint. Ulilenga mlima."

Clint alinuna, lakini alichukua boksi alilopewa, na mwaka ule alipata nyama. Hapa bondeni ni wachache wanaoweza kupiga pipa la maziwa kwa yadi mia tatu, lakini kila mmoja anataka risasi yake iwahi kufika kule asikolenga.

Tusimfanye malaika, maana Fern atasoma gazeti hili na atacheka hadi apaliwe. Lowell ni mtu wa majivuno. Yule mbweha aliyempiga kwenye shamba la kina Sande alikuwa yadi mia mbili tulipoisikia hadithi hiyo mara ya kwanza. Sasa yuko mia tano, na Lowell akiishi miaka kumi mingine mbweha huyo atakuwa amevuka mpaka wa Kanada. Akiwa anapima baruti hataki redio, hataki swali, hataki mtu apige chafya. Mchungaji aliwahi kuja kumwuliza atashika upande gani wa jeneza kwenye mazishi, akasimama mlangoni hadi boksi zima la risasi lijazwe. Marehemu alisubiri. Alikuwa mteja wetu, alijua utaratibu.

Sasa hayo ya Septemba.

Mnajua pembe. Kila Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu ya wafanyakazi, tunashindana kulenga shabaha na watu wa mji jirani wa Pell, na atakayeshinda anatundika pembe za kulungu juu ya mlango wa duka lake mwaka mzima. Kulungu mwenyewe hakupigwa na mtu wa Ansgar wala wa Pell. Aligongwa na treni katikati ya miji miwili, ndiyo maana wote tunaweza kuzigombania kwa haki. Pembe hizo zilikaa juu ya mlango wetu muda mrefu kiasi kwamba ndege walijenga kiota humo.

Mwenye chumba cha nyuma kule Pell ni Emmett Kolb, mtu asiyenyamaza hata kanisani. Majira ya baridi yaliyopita alikuja hapa, akaegemea kaunta, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye rafu za mabuti:

"Lowell, kaka, nasikia unastaafu. Vizuri. Risasi zako zilistaafu mbele yako."

"Zinafika."

"Zinafika, ndiyo. Zinafika baada ya chakula cha mchana."

Watu walicheka. Clint alicheka kuliko wote. Lowell akacheka pia, lakini sisi tunaopanga maboksi tuliona shingo yake imekuwa nyekundu. Wiki iliyofuata alinunua kipima mwendo, kile kidude unachokiweka mbele ya mdomo wa bunduki kikakuonyesha kwa namba mwendo wa risasi. Miaka yote alikuwa akikiita kioo cha wanaojipenda.

Basi mwaka wake wa mwisho kazini, mtu huyu aliyewafundisha wote kusimama, alisahau kusimama. Februari nzima alikuwa uwanjani nyuma ya lori lake, kwenye baridi ya kugandisha kope. Anaongeza, anafyatua, anatazama namba. Anaongeza tena. Kwa baridi ile matundu yalikaa karibu, na namba zilikuwa nzuri, akarudi ndani akatabasamu kama mvulana aliyepata baiskeli. Fern alimwuliza, "Umetazama karatasi au umetazama kidude?" Akamjibu, "Vyote." Fern akasema, "Haya." Walio kwenye ndoa wanajua neno hilo lina uzito gani.

Akajaza za timu nzima ya Ansgar, Clint akiwemo, akazitia kwenye maboksi yenye kifuniko chekundu ili zisichanganyike na zile za kawaida. Nanyi wateja wapendwa mkasikia harufu. Mkaja kumbembeleza, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja mtu akisema "niongezee kidogo" alipewa. Hamkumlazimisha, lakini msijifanye mlikuwa mnapita tu njiani.

Septemba ilikuja na joto la tanuri. Maboksi yalikuwa yamelala tangu asubuhi juu ya dashibodi ya gari la Clint, nyuma ya kioo, kwenye jua. Baruti iliyopimwa kwenye baridi ikipashwa moto namna ile inasukuma kwa nguvu zaidi, na hizi tayari zilikuwa zimefika ukingoni. Lowell analijua hilo. Ameliimba mbele ya kila mtu aliyeingia mlango huu.

Mzunguko wa kwanza tulikwenda sawa na Pell. Mzunguko wa pili, matundu yetu yakaanza kutembea kwenye karatasi, moja kushoto, jingine juu. Kisha Clint akafyatua, akavuta komeo la bunduki ili atoe ganda, komeo likakataa. Akalipiga kwa kiganja likafunguka. Akafyatua tena. Safari hii hata kiganja hakikusaidia.

"Tulia, mzee," akamwambia Lowell, "zinaenda kama shetani. Nipe dakika."

Lowell alisogea karibu. Aliinama akaokota lile ganda la kwanza chini. Fataki yake ilikuwa imebapa kama sarafu iliyokanyagwa na treni, dalili kwamba baruti imesukuma kupita kiasi. Akaligeuza mara moja tu. Kisha akavua kofia.

Kuna watu walikuwa hawajawahi kuona upara wake. Akainua mkono akasema, "Simamisheni." Kwa sheria ya uwanja, yeyote akisema hivyo, wote wanaacha silaha wanarudi nyuma, na timu inayokatiza mzunguko imepoteza.

"Brekke," Emmett akamwita, "unajua ukisimamisha pembe ni zetu."

"Zichukue."

"Tuko sawa pointi, bwana. Amebaki mtu mmoja tu kwenu."

"Nimekuja na vijana wanne, macho manane. Nitarudi na manane."

Vijana wenyewe wana wajukuu, lakini hakuna aliyecheka. Akawageukia watu wa pande zote mbili akasema, "Zangu hizo. Nilizijaza Februari, sikuzijaribu kwenye joto. Nilitaka namba." Hakumtaja Clint na dashibodi yake. Hakutaja jua. Wala hakumtaja Emmett, ambaye alikwenda garini kwake akarudi na nyundo ya mbao, wakasaidiana kulifungua lile komeo polepole bila kuumiza bunduki. Pembe ziliondoka jioni ile kwenye lori la watu wa Pell, na kiota cha ndege ndani yake.

Hayo ndiyo mambo ya Septemba. Atakayeyasimulia mkahawani ayasimulie yote, siyo nusu.

Arvid alimwambia aende nyumbani mapema akapumzike, benchi achukue Roberta Sande, ambaye amefanya kazi kando yake miaka sita na ana mkono mtulivu kuliko wa Lowell mwenyewe. Lowell alikataa. Alisema hataacha ufunguo hadi kila boksi jekundu lirudi na kila risasi ivunjwe, kichwa upande mmoja, baruti upande mwingine, naye ndiye atakayezivunja. Roberta hataruhusiwa kuzigusa. Tangu siku ile amekuwa akipiga simu, akiendesha lori kwenye njia za vumbi, akisimama kwenye milango ya watu wanaomdharau, akisema, "Nilikosea, nirudishie, nitakujazia nyingine." Majivuno yake yote mnayoyajua, na bado anasema hivyo mlango kwa mlango.

Wengi mmerudisha. Mungu awabariki. Wamebaki watatu.

Clint anasema hivi, tumemsikia kwa masikio yetu: "Zilijazwa kwa baridi. Kulungu anawindwa kwa baridi. Sasa ubaya uko wapi?" Mtu mzima, ana shamba, ana kura. Clint, tangu ulipokuwa na kamasi hadi leo, hujawahi kuendesha gari bila kuwasha hita hadi madirisha yanatokwa jasho, na bunduki umeilaza pale pale kwenye kiti. Hiyo baridi yako iko wapi? Na lile komeo lililokukatalia Septemba, ulidhani linafanya mzaha? Namba unayoipenda haijawahi kuangusha kulungu hata mmoja, lakini inaweza kukutoa jicho, kisha Lowell akae kule Oregon anakohamia kwa binti yake, anaangalia mvua, anafikiria jicho lako. Hiyo ndiyo zawadi unayompa baada ya kula mkate wake?

Sisi wa duka la Tveit tunakushukuru, Lowell, kwa nyama iliyokuwa kwenye majokofu yetu kila msimu wa baridi, kwa kulungu waliokufa haraka bila kuteseka msituni, na kwa ile Jumatatu uliyovua kofia. Uende salama na Fern, ambaye sanduku lake limefungwa tangu Agosti. Afya yako iwe njema, samaki wawe wengi, na yule mbweha umwache apumzike.

Roberta, benchi ni lako kuanzia Jumatatu. Redio bado marufuku.

Na nyinyi watatu: maboksi yawe juu ya kaunta kabla ya Alhamisi jioni, yakiwa na kila risasi iliyobaki ndani, mumpe Lowell mkononi na mumtazame usoni. Clint, funga hilo gazeti, sogeza mfuko wa chakula cha mbwa, ulete boksi. Na usiliweke juu ya dashibodi.