Option ya Papa Rigobert

"Pesa ya likelemba yote, papa Rigobert? Yote?" Maman Lucienne aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa dereva wa tramu.

"Yote. Tunachanga watu kumi na mbili, mwezi huu ni zamu yangu," akajibu jirani yake wa ghorofa ya juu, simu mkononi. "Saa tisa na nusu Bourse ya Amerika, soko yao ya hisa, inafunguka, nanunua option. Action, hisa ya kampuni moja, ikianguka bei mbele ya Ijumaa, napata mara kumi!"

"Na isipoanguka?"

Papa Rigobert akaanza kusoma tangazo la sabuni. Nikasogea kiti kimoja. Mambo kama haya hayasikilizwi kwa mbali.

"Mimi pia niko na option," maman akasema. "Lakini niko na actions zangu kwanza. Zikianguka, option inanipa haki ya kuziuzisha kwa bei ya leo. Ni kama assurance, bima ya nyumba. Weye unalipa assurance ya nyumba ya muntu mwingine, alafu unaomba iwake moto!"

Tramu nzima ikacheka.

"Na pesa ya salle, ukumbi wa ndoa ya binti yako Jémima?" maman akauliza.

"Ijumaa nitaalika mtaa yetu yote ya Schaerbeek!" papa akajibu.

Milango ikafunguka. Maman akamshika mkono. "Bon, kuja kwangu tukule kwanza. Sombe ya majani ya muhogo iko, fufu nasonga sasa hivi. Kwangu hakuna kijiko, na vidole vyenye fufu havibonyezi simu."

Papa akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Na weye maman," Maman Lucienne akanigeukia mimi, "umetufwata na masikio tangu kituo cha Gare du Midi. Shuka, sahani iko!"

Kituo changu kilikuwa bado. Nikashuka.