Mpaka Uliofuata Macheo

Sogeeni karibu, Didas, na wewe Avelina, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na sitaki Temeke nzima isikie kabla yenu. Didas, panga hilo nimelisikia ukilinoa tangu asubuhi. Liweke chini. Naogopa, mwanangu, na si kifo ninachokiogopa.

Shamba hili baba yenu Revelian alilinunua mwezi wa Juni, na mzee aliyeliuza alimwambia mpaka wa kaskazini unaanzia kwenye kisiki na kwenda moja kwa moja jua linakochomoza. Akaufuata asubuhi na mapema, jua likimpiga usoni. Desemba ile ile Kondo akanunua ng'ambo ya kisiki, akaambiwa maneno yale yale, naye akalifuata jua. Basi kipande chenye minazi kumi kikawa na wenyewe wawili. Mbele ya wazee baba yenu aliapa kwa Biblia, Kondo kwa Msahafu, na mwezi haukuisha mtoto wa Kondo akafa kwa homa. Watu wakasema kiapo kimemla. Kondo akatuachia minazi kwa hofu, akafa akiitwa mwongo, na mkewe Somoe mpaka leo akienda kisimani wanawake humuuliza, "Bibi wee, kwenu leo jua limechomozea wapi?"

Mimi nilijua. Shuleni kwa masista tulifundishwa kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima, na kwa kuwa siamini kitu mpaka nikione, nilitia alama za mkaa kwenye ukuta wa jiko, pale mwanga wa asubuhi ulipogonga: Juni huku, Desemba kule, hatua mbili kati yake. Hakuna aliyeapa uongo; kila mmoja alilifuata jua la mwezi wake. Nikazipaka chokaa alama zangu, kwa sababu minazi ile ndiyo iliyowasomesha, na tangu hapo kila mmoja wenu akishikwa na homa mimi nahesabu siku.

Sasa vijana wa Kondo wanadai minazi yao, na wewe unanoa panga. Kigaweni kile kipande katikati... nipe maji... katikati, Didas, mpande minyaa iwe mpaka, na usibishane nami. Lakini kwanza nendeni kwa Somoe, hapo jirani, sasa hivi. Mpeni shikamoo. Mwambieni mumewe hakuapa uongo, mwanawe hakuuawa na kiapo, na mimi nilijua. Msinitetee kwa ugonjwa. Akitukana, nyamazeni. Mungu awa... awalinde, awape uzao na afya. Nendeni wote wawili. Mlango muuache wazi, nisikie atakachosema.