Meno ya Mpima Mahindi

Ndugu waombolezaji, mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Jino la Chuma, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mhunzi, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, na tarehe 2 Juni 1980 akaajiriwa katika ghala la ushirika kuwa mpima mahindi, kazi aliyoifanya kwa kung'ata punje: ikilia ko, gunia linapita, ikibonyea, mwenye gunia anayarudisha mahindi juani, hata awe shemeji yake.

Mwaka 1984 alimwoa mama aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba, na ni mama huyo aliyeandika haya, akaniagiza mimi mwanawe niyasome bila kuruka neno.

Agosti 2017 marehemu aling'olewa meno ya mwisho, akawekewa ya bandia, ambayo hayajui punje laini wala ngumu. Mkewe, aliyekuwa akiyaosha, alimsihi aombe kipimo cha unyevu, naye akajibu kwamba kipimo hakijawahi kula ugali, nyumba nzima tukacheka, wala hatukumshurutisha, maana mshahara wake ndio uliotulisha, na mkono mtupu haulambwi.

Basi aliendelea kung'ata na kutikisa kichwa kama zamani, hata msimu wa mvua wa 2019 alipopitisha mahindi mabichi, yakaota ukungu maguniani, na sumu yake, isiyotoka kwa kuosha wala kwa kupika, ikafika vyunguni mwenu, watoto wakavimba matumbo, macho yao yakawa ya njano, na mjukuu wa fundi cherehani akafariki.

Marehemu aliacha kazi wiki hiyo, lakini unga wa mahindi yale yale aliuficha chini ya kitanda, akawa anakoroga uji wake peke yake, mpaka mkewe alipougundua akaufukia. Januari 2022 aliugua ini, madaktari hawakusema kama ni unga, mkewe hakuuliza, na tarehe 9 Mei akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ghalani, ambao sasa wanacho kipimo, majirani mliokuja na unga wenu wenyewe, na hamkukosea, na fundi cherehani, aliyeshona kitambaa cha jeneza hili akakataa ahsante yetu. Mama anasema aibu haifukiwi pamoja na maiti, yeye anabaki nayo.

Pumzika kwa amani, Jino la Chuma, bila yale meno. Yamebaki kikombeni, dirishani kwako.