Amri Isiyo na Jina Sokoni Kombani

Kijiweni Kombani, mbele ya duka la simu la Kalama, kahawa ilikuwa bado yachemka na Mzee Dzombo alikuwa amekwisha kununa. Alikuwa na haki. Ameuza nazi tangu soko halina paa, wakamwita Kifuu akaitika. Leo vibanda vipya vimegawiwa kwa kompyuta, naye kapewa cha nyuma kabisa, kando ya mtaro wa wauza samaki, ambako mteja hafiki ila amepotea. Aliyeiandikia kompyuta amri zake ni Kanze, binti wa Randu, lakini Kanze ana adabu zake na hakuna aliyethubutu kumlaumu. Basi wakatafuta mwingine.

— Kalama, wewe fundi. Nani kanipeleka mtaroni?

— Amri tatu, Mzee. Kanze alinionyesha. Ya kwanza yachuja: asiyeuza chakula atoke. Ya pili yamchukua kila muuzaji, yatoa hesabu ya miaka yake sokoni. Ya tatu yapanga kwa miaka hiyo.

— Zaitwaje?

— Hazina majina. Zaandikwa papo hapo, zafanya kazi moja, basi.

Athmani, aliyeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi, alitikisa kichwa.

— Mtoto wa watu siku ya saba ana jina na mbuzi wake. Kifanyacho kazi bila jina ni jini. Wa kuchuja hana neno, hata chai twachuja. Huyu wa kupanga ndiye. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete.

Hakuna aliyeona pete yahusu nini, wakakubali.

— Tumpe jina basi, tumshtaki, alisema Dzombo.

— Aitwe Kalama, alisema Wakili.

— Aitwe Athmani, alisema Kalama.

— Labda tumchinjie kwanza, ndipo aitwe barazani, alisema Wakili.

— Mbuzi wa nani? aliuliza Kalama.

Mbuzi hakupatikana. Dzombo alikuwa na uchungu wa kweli. Nazi zake kunuka samaki, uzeeni.

Akapita Biasha, muuza mchicha aliyeingia sokoni juzi na kupata kibanda cha kwanza, barabarani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Nimesikia mwasema yapanga kwa miaka. Kanze alipouliza nani atangulie, mwenye mingi au mwenye michache, aliambiwaje?

Kalama alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Dzombo, mwenyekiti wa wazee wa soko, ndiye aliyeulizwa. Dzombo alitazama kikombe. Siku ile alijibu kiungwana, mkono kifuani: "Waanze vijana, mwanangu, sisi ni wenyeji." Kisha akangoja abembelezwe, kama ilivyo desturi.

Kanze akaandika.