Shangazi Siagi na Mikate Iliyokumbatiana

Ndiyo maana nilikuwa nawaambia juzi pale mezani pa kufungashia, kabla kengele ya oveni haijanikatiza, kwamba miaka thelathini na mmoja si ya kuagwa kwa makofi na soda. Ijumaa hii, tarehe 14, Shangazi Siagi anastaafu. Nimepewa ukurasa huu wa jarida letu nimwandikie, nami nimeupokea kwa mikono miwili. Mnisamehe nikizidisha sifa. Nina wiki saba tu tangu niolewe, na siku hizi hata foleni ya kunawa mikono naiona nzuri.

Kwa mliojiunga karibuni, yeye si shangazi wa mtu yeyote hapa bekari. Jina alilipata kwa sababu hakuna trei iliyowahi kutoka kwenye oveni ikapita mbele yake bila kupakwa siagi. Alianza kazi akiwa mfagiaji. Wakati huo mikate midogo ya Kihindi, ile laini ambayo wateja huiita pau, ilitengenezwa na mke wa mwenye bekari wa kwanza, mama aliyejifunza jikoni kwa mama yake mzazi. Shangazi alikuwa akifagia kila mahali mara moja, lakini chini ya meza ya yule mama alifagia mara tano kwa siku. Mwezi wake wa tatu kazini mama akamwambia aweke ufagio chini akanawe mikono, maana sakafu ilikwishatakata zamani na kazi yote alikwishaiiba kwa macho.

Tangu siku hiyo hakuiacha. Maziwa ya uvuguvugu, hamira, sukari kidogo, unga, chumvi, na siagi mwishoni. Donge lake hunata vidoleni, na kila anayejifunza hutamani kuongeza unga. Hapo ndipo sauti yake husikika mpaka stoo: “We mwana, hapa tunaoka mkate, tofali wanafyatua wenzetu!” Hulikanda robo saa nzima, bila kupumzika, mpaka linyooke kama kitambaa bila kukatika. Likishaumuka huviringisha vidonge viwili kwa pamoja, kimoja chini ya kila kiganja, na kuvipanga kwenye trei vikiachana kwa upana wa kidole kimoja tu. Vikiumuka tena hugusana, na vikitoka kwenye oveni huwa vimekumbatiana. Ule ubavu mweupe, laini kama pamba, hutokana na kule kugusana. Kisu hakihusiki, pau huachanishwa kwa mkono, taratibu. Jamani, mimi siku hizi siwezi kuitazama trei ile bila kutabasamu peke yangu.

Na kutabasamu huko ndiko kulikoniponza. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kurudi kazini kutoka fungate. Chuo cha ushonaji kilikuwa na mahafali na kiliagiza pau mia mbili za sherehe, zile ndogo kama yai. Mume wangu, ambaye wote mnamjua kuwa dereva wa gari letu la mikate, alikuwa nje anaosha kioo cha gari, shati limekunjwa mikono. Macho yangu yakawa dirishani, vidole vyangu vikawa kwenye trei. Nikavipanga vidonge kwa nafasi ya vidole vitatu, safi kabisa, vimenyooka kama vifungo vya koti. Vilitoka kila kimoja kivyake, vigumu kila upande. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shangazi akazitazama trei, akanitazama mimi, akatazama dirisha. “Ulikuwa unapanga mikate,” akauliza, “au viti vya mkutano?” Nikaanza kulia. “Machozi yana chumvi, utaniharibia kipimo. Mume mtazame nyumbani, bibi harusi. Hapa tazama trei. Niletee kisu.”

Kwa mara ya kwanza nikamwona akikata pau kwa kisu. Alikata kofia ya kila mkate, akachokonoa nyama ya ndani, akakandamiza kwa kitako cha bilauri ndogo, akapaka siagi yenye kitunguu saumu na kurudisha yote ndani ya oveni mpaka ikakauka ukingoni. Tukaijaza viazi vilivyopondwa kwa bizari na njegere. Vikombe vya mkate, kila kimoja tonge moja! Jumatatu chuo kikapiga simu kutaka vingine. Leo vina mstari wao kwenye ubao wa bidhaa. Meneja alipouliza, Shangazi alimjibu kwamba lilikuwa jaribio lake. Halikuwa jaribio, meneja wangu. Lilikuwa kosa langu, na leo naliungama mbele ya bekari nzima.

Basi fikirieni uchungu wa Shangazi pale meneja alipotangaza kwamba yeye akiondoka, pau zitafutwa ubaoni, na vikombe pamoja nazo, kwa kuwa kila zinapookwa na mtu mwingine wateja huzirudisha. Shangazi hakubishana. Siku mbili hakugusa chakula cha mchana. Siku ya tatu aliomba jambo moja: trei mbili, moja yake na moja yangu, zifunikwe vitambaa, naye aonje akiwa amegeuka. Meneja akakubali, kwa sharti kwamba akiweza kuzitofautisha, pau zifutwe.

Alhamisi iliyopita tulijazana pale jikoni, mume wangu akiwa ameshika funguo za gari kama tasbihi. Shangazi akapokea pau ya kwanza, akaibonyeza kwa kidole gumba, akangoja irudi, akanusa, akaonja. Akapokea ya pili. Akacheka.

“Hii si yangu,” akasema. “Mwenye hii ana mkono mzito wa maziwa.”

Meneja akanyanyua dasta.

“Ngoja, mwanangu,” Shangazi akamwambia. “Mimi nami sikuoka kama yule mama aliyenifundisha, na hakuna aliyenifuta. Onja kwanza.”

Kisha akafanya jambo ambalo hatujawahi kuliona kwa miaka yote ambayo amekuwa akionja kipande na kuweka chini: akaila pau yangu yote, akanyoosha mkono kuomba nyingine. Meneja akaonja. Akachukua ya pili, ya tatu akaificha mfukoni akidhani hatumwoni. Dasta likarudi mahali pake, na mstari wa pau uko ubaoni hadi leo.

Shangazi, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako usio na sumu, na kwa kunifichia aibu hadi nilipoweza kuisema mwenyewe. Mungu akujalie afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na majirani wasio na kelele. Mume wangu anasema ile bawaba iliyolegea ya mlango wako ataifunga yeye, usimwite fundi. Bandika chai tu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa tumebisha hodi kwako, wote wawili.