Fiifi Alipomwita Mkewe Nanga

Kijiwe chetu kiko kwa Seidu muuza chai, nje ya geti la bandari ya Sekondi, benchi moja refu lililotegemezwa kwa matofali. Asubuhi ile tulikuwa tunamshughulikia Fiifi, fundi wa kuchomelea. Jumamosi, kwenye harusi ya shemeji yake, alishika maiki akasema mbele ya ukumbi mzima: "Mke wangu Ekuwa ni nanga yangu." Watu walicheka. Ekuwa hakucheka, na Jumapili akahamia kwa mama yake.

— Mimi nilimsifu, Fiifi alisema. Nanga si ndiyo inashika meli isipotee?

— Nanga ni chuma kizito kinacholala matopeni, alijibu Kapteni, ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi. Umemwita mkeo mzito, tena mbele ya wifi yake mpya.

— Huyo msimsikilize, alisema Kocha, anayefundisha timu ya wapakuzi kuvuta kamba. Nanga ni lile jitu la mwisho, linalojifunga kamba mwilini. Ni cheo hicho.

— Kwa hiyo Ekuwa ni jitu.

— Sijasema hivyo, Kapteni.

Nami nikachomekea:

— Hata msoma habari wa televisheni, kwa Kiingereza wanamwita nanga. Labda kaona unasema anatangaza mambo ya nyumbani.

— Nyinyi kanisani kwenu nanga imechorwa ukutani, alisema Seidu akimimina maziwa. Labda kadhani unataka awe mtawa.

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mkate wa Fiifi ulikuwa haujaguswa.

Pembeni alisimama mama mmoja mgeni, ndiyo kwanza kashuka basi la Axim, akisubiri chai yake.

— Samahanini, kaka zangu. Nanga inazuia chombo kisiondoke. Sasa huyu bwana alikuwa anataka kwenda wapi?

Kocha alikoroga chai ambayo tayari alikuwa ameimaliza. Fiifi aliinuka akaondoka bila kuaga.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alimkuta Ekuwa uani kwa mama yake, anafua. Akamweleza habari za Abidjan, kazi aliyoitiwa huko mwaka aliozaliwa binti yao, naye akaikataa kimyakimya ili abaki nao.

— Nilijua, Ekuwa alisema. Nilikuwa nasubiri uniambie mimi, sio wageni wa harusi.

— Sijutii.

— Hujutii, ila unaikumbuka.

— Naikumbuka.

Ekuwa akamrushia ncha ya shuka lililolowa.

— Shika huko, tukamue.