Bernadina wa Mwakitolyo na Siri Aliyoitoa Hadharani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Bernadina Jilala, Mama Leodgar, mpishi wa wachimbaji kule Mwakitolyo. Malaria kali imemchukua. Jumamosi alizikwa kwao, Ushirombo.

Bernadina alikuwa na sauti, jamani! Wachimbaji wakitoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, vumbi hadi kwenye kope, walimsikia kabla hawajaliona banda lake. "Naweni kwanza! Dhahabu hailiwi!"

Kisha sauti ile ikaanza kufifia. Akisonga ugali, anashika nguzo avute pumzi. Watu wakasema ni unene, mafuta yamejaa kwenye damu. Akapanda gari hadi Geita kupima. Majibu yakatoka: lehemu, yaani hayo mafuta ya kwenye damu, ipo chini. Chini sana. Bernadina akapiga vigelegele palepale kwenye benchi.

Muuguzi Asteria akamshika mkono. "Mama, mbona viganja vyeupe hivi?"

Wakapima wingi wa damu. Ilikuwa kidogo mno.

"Mtu akiishiwa damu, mara nyingi na lehemu hushuka," Asteria akamwambia. "Usiishangilie kwanza. Tutibu damu, halafu tuipime tena."

Ndipo Bernadina akafunguka. Kwa miaka alikuwa akivuja damu nyingi kila mwezi. Hakumwambia mtu, hata mumewe, Magesa. Akatibiwa uvimbe kwenye kizazi, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Nguvu zikarudi. Lehemu nayo ikapanda.

Hapo maneno yakazuka machimboni: "Vidonge vya damu vinaleta mafuta, mwoneni Mama Leodgar!" Wanawake wakaanza kuvitupa chooni. Jirani yake Loveness, mjamzito, naye akavitupa. Siku moja akazimia kwa upungufu wa damu, akaanguka kando ya kisima.

Habari hiyo ilimchoma Bernadina. Jina lake ndilo lililotumika. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, akasimama, wanaume na wanawake wakimtazama.

"Jamani, mimi nilikuwa navuja damu, nikaficha," akasema. "Lehemu yangu ilikuwa chini kwa sababu nilikuwa nakwisha. Damu imerudi, na lehemu nayo imerudi. Imezidi kidogo, ndiyo, nimepunguza kukaanga. Vidonge siachi!"

Wanaume wengine wakainamisha vichwa. Halafu Magesa akatoka alikokaa, akaenda kusimama ubavuni mwa mkewe.

Kesho yake Loveness alirudi kliniki. Leo ananyonyesha mtoto wa kike. "Nilipomshukuru kwa Kisukuma, 'Wabeja, Mama Leodgar,' alinijibu kwa ukali," anakumbuka huku akicheka na kulia. "'Shukrani baadaye. Umemeza?'"

Ndivyo alivyokuwa Bernadina, wasikilizaji wapendwa. Aliyaona macho ya watu wote yale, na bado akasema.

Tunawapa pole Magesa, kijana wao Leodgar, na ndugu wote wa Ushirombo na Mwakitolyo. Mungu ampumzishe Bernadina. Nasi tuliobaki tujiulize: nani nyumbani kwetu anaugua kimyakimya?

Tulimuuliza Magesa angependa tuseme nini kwa niaba yake. Akasema: "Kitanda chetu kilikuwa kimoja, lakini maradhi yake nikayasikia mkutanoni. Waambieni wanaume wenzangu wawaulize wake zao. Wawaulize leo."